Tuzo na Mhusika: Historia ya Mabishano juu ya Mwigizaji wa Kike Anayestahili

1. Utangulizi

Waswahili husema, mcheza kwao hutuzwa. Methali hii aghalabu hufasiriwa kama wito wa mtu kupenda kwao, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya tuzo. Kwanza, upo mchezo unaoonekana na wote. Pili, ipo hadhira inayoujua mchezo huo na kanuni zake. Tatu, kipo kitendo chenyewe cha kutuza, ambacho hufanyika papo hapo, mbele ya macho ya watu. Katika ukumbi wa taarabu, mama aliyeguswa na wimbo huinuka, akamwendea mwimbaji kwa madaha, akamtuza pesa. Kila aliyepo humjua aliyetuza na aliyetuzwa, na mara nyingi huijua hata sababu.

Tuzo za filamu zilizochipuka katika karne ya ishirini zimeyatenganisha mambo haya matatu. Mchezo huchezwa miezi mingi kabla ya kutuzwa. Anayetuza hupiga kura ya siri na halazimiki kutoa sababu. Hadhira, ambayo ndiyo iliyolipa kiingilio, haina kura. Haishangazi basi kwamba kila mwaka tuzo zinapotangazwa, hasa tuzo ya Oscar ya Mwigizaji Bora wa Kike, huzuka mabishano makali: je, aliyepewa ndiye aliyestahili?

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyaachia magazeti mabishano haya, wakiyaona kuwa ni porojo tu. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Hoja yetu ni kwamba swali la nani anastahili limekuwa likijibiwa kana kwamba ni swali la kipawa, ilhali historia yake inaonyesha kuwa kwa kiasi kikubwa ni swali la uhusika. Kabla ya mwigizaji kuhukumiwa, sharti awe ameandikiwa mhusika anayeweza kutuzwa. Aliyenyimwa mhusika huyo ameshashindwa kabla ya kura kupigwa. Ili kuithibitisha hoja hii, tutaifuata historia ya tuzo ya Oscar kuanzia 1929, kisha tutamalizia kwa kuigeuzia macho hali yetu nchini Kenya.

2. Kipimo kisichotulia

Yafaa tuanze kwa kuonyesha kwamba neno "kustahili" halijawahi kuwa na maana moja katika historia ya tuzo hii. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Janet Gaynor alitunukiwa kwa kazi yake katika filamu tatu: 7th Heaven, Street Angel na Sunrise. Kilichopimwa hapo kilikuwa mavuno ya msimu mzima. Muda si muda utaratibu ulibadilika, mwigizaji akawa anahukumiwa kwa filamu moja. Badiliko hili huonekana dogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Tangu hapo, tuzo ilidai kumpima mwigizaji ndani ya mhusika mmoja, hata pale ambapo wapigaji kura waliendelea kuwapima waigizaji kwa maisha yao yote.

Mgongano wa vipimo hivi viwili ulidhihirika mapema. Mwaka 1934 Bette Davis aliigiza Mildred katika Of Human Bondage, filamu iliyotokana na riwaya ya W. Somerset Maugham. Mildred ni mhusika asiyependeka: mkatili, mchoyo wa mapenzi, na mwishowe mgonjwa aliyedhoofika. Waigizaji wengi wa wakati huo walichelea kuonekana hivyo kwenye skrini. Davis alipoachwa nje ya orodha ya wawaniaji, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Akademia iliwaruhusu wanachama kuandika kwa mkono jina la yeyote waliyemtaka. Hata hivyo, Claudette Colbert ndiye aliyeshinda kwa It Happened One Night. Mwaka uliofuata Davis alipewa tuzo kwa filamu ya Dangerous, na wengi waliiona kuwa ni kifuta machozi. Hivyo deni la mwaka mmoja lililipwa kwa hesabu ya mwaka mwingine, na bila shaka aliyekuwa na haki katika mwaka huo wa pili akawa ndiye mdai mpya.

Huruma nayo imewahi kuwa kipimo. Mwaka 1961 Elizabeth Taylor alitunukiwa kwa BUtterfield 8, filamu ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, muda mfupi baada ya kunusurika kifo kutokana na nimonia iliyowalazimu madaktari kumpasua koo ili apate kupumua. Shirley MacLaine, aliyekuwa akiwania kwa The Apartment, alitania baadaye kwamba alishindwa na upasuaji huo wa koo. Utani huu una ukweli wa kihakiki. Wapigaji kura waliisoma hadithi ya maisha ya Taylor kama sehemu ya uigizaji wake.

Lipo pia tukio la 1969, ambapo Katharine Hepburn, kwa The Lion in Winter, na Barbra Streisand, kwa Funny Girl, walipata kura sawasawa na wote wawili wakatuzwa. Hepburn alikuwa mkongwe wa zaidi ya miaka thelathini katika sinema, na Streisand alikuwa katika filamu yake ya kwanza. Sare hiyo yaweza kusomwa kama ungamo: kipimo cha ukongwe na kipimo cha kazi moja vilikutana mizanini, na mizani ikakataa kuamua.

3. Usiku wa 1951

Hakuna mwaka unaotajwa zaidi katika mabishano haya kuliko 1951, sherehe ilipofanyika tarehe 29 Machi kuzituza filamu za 1950. Waliowania walikuwa watano: Anne Baxter na Bette Davis, wote wawili kwa All About Eve, Gloria Swanson kwa Sunset Boulevard, Eleanor Parker kwa Caged, na Judy Holliday kwa Born Yesterday. Holliday alishinda, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba Davis au Swanson alidhulumiwa.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni ya hesabu. Baxter hakukubali kuwekwa katika kitengo cha waigizaji wasaidizi, na inadhaniwa kwamba yeye na Davis waligawana kura za filamu moja. Maelezo haya huenda yana ukweli, lakini hayamfai sana mhakiki. Linalotufaa zaidi ni kuwatazama wahusika wenyewe. Margo Channing, aliyeigizwa na Davis, ni mwigizaji wa jukwaani aliyefikia umri wa miaka arobaini na anayehofia kuondolewa na msichana. Norma Desmond, aliyeigizwa na Swanson, ni nyota wa filamu zisizo na sauti aliyesahauliwa na Hollywood. Swanson mwenyewe alikuwa nyota wa enzi hizo, na alikuwa miongoni mwa wawaniaji wa sherehe ile ya kwanza ya 1929. Wahusika hawa wawili wanaishtaki tasnia yenyewe kwa jinsi inavyomtumia mwanamke na kumtupa.

Billie Dawn wa Holliday ni mhusika wa namna nyingine. Ni msichana anayedhaniwa kuwa mjinga, ambaye anafundishwa kusoma na kufikiri, na mwishowe anamkataa bwana tajiri aliyekuwa akimtumia. Holliday alikuwa amemcheza mhusika huyu jukwaani New York tangu 1946, na wepesi wake wa kuchekesha haukuwa kazi rahisi hata kidogo. Hatusemi kwamba hakustahili. Tunachosema ni kwamba wapigaji kura walikuwa na wahusika wawili waliowashtaki na mmoja aliyewafurahisha, nao wakamchagua aliyewafurahisha. Mtu akibisha leo kwamba Davis alimzidi Holliday kwa kipawa, anabisha juu ya jambo ambalo yumkini halikuwa mizanini usiku ule.

Hata hivyo, wanawake wote watano walikuwa na jambo moja walilolingana: waliandikiwa wahusika wakuu wenye nia, hasira, ucheshi na mabadiliko. Kwa upande wa waigizaji Weusi wa Marekani, mabishano hayakuweza hata kufikia hapo.

4. Mjakazi na meza ya pembeni

Tarehe 29 Februari 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Hattie McDaniel alitunukiwa tuzo ya Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike kwa kumwigiza Mammy katika Gone with the Wind. Alikuwa Mwamerika Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Hoteli hiyo ilikuwa na sera ya kuwabagua Weusi, na kuingia kwake kulihitaji kuombewa ruhusa maalumu. Aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Miezi michache kabla, Desemba 1939, hakuhudhuria uzinduzi wa filamu hiyo mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani.

Je, McDaniel alistahili? Atazamaye filamu hiyo kwa makini ataliona jibu katika onyesho la ngazi, baada ya kifo cha mtoto Bonnie. Mammy anapanda ngazi pamoja na Melanie, akimsimulia jinsi wenye nyumba walivyotupiana maneno ya kuumizana na jinsi baba alivyokataa mwanawe azikwe. Msiba wote tunaupata kupitia sauti yake na machozi yake, na kwa dakika hizo chache mjakazi ndiye msimulizi na dhamiri ya hadithi. Yafaa kukumbuka kwamba katika kitengo hichohicho alimshinda Olivia de Havilland, yuleyule Melanie anayepanda naye ngazi.

Lakini onyesho hilo hilo linafichua mipaka ya uhusika wake. Mammy analilia msiba wa watu wengine. Hana mtoto, mume, wala nyumba tunayoionyeshwa, na hatujui hata jina lake halisi. McDaniel alilaumiwa na baadhi ya viongozi wa Weusi, hasa wa chama cha NAACP, kwa kukubali kuigiza wajakazi. Jibu linalonasibishwa naye ni kwamba afadhali kuigiza mjakazi kuliko kuwa mjakazi. Tukiliangalia jibu hili kihakiki, tunaona kwamba halikuwa utetezi wa mhusika. Lilikuwa maelezo ya soko. Hakukuwa na mhusika mwingine wa kuchagua.

Baada yake, ilipita miaka 51 kabla ya mwanamke Mweusi mwingine kupata tuzo ya uigizaji, pale Whoopi Goldberg alipoipata mwaka 1991 kwa Ghost. Itakuwa vigumu kudai kwamba katika nusu karne hiyo vipawa vilikauka.

5. Carmen, Celie na Leticia

Ushahidi kwamba havikukauka upo katika majina ya walioshindwa. Mwaka 1955 Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu, kwa Carmen Jones. Aliyeshinda alikuwa Grace Kelly, kwa The Country Girl, na wengi wamelalamika tangu hapo kwamba Judy Garland ndiye aliyestahili kwa A Star Is Born. Linalosikitisha ni kwamba katika malalamiko hayo ya miaka mingi Dandridge hutajwa kwa nadra, ilhali kisa chake ndicho chenye funzo. Kelly na Garland waliendelea kuwa na kazi za kuchagua. Dandridge, baada ya kuthibitisha kwamba anaweza kuibeba filamu nzima, alipata wahusika wachache tu wenye uzito hadi alipofariki mwaka 1965. Hasara yake kuu haikuwa kuikosa tuzo ile. Ilikuwa ni kukosa mhusika wa pili wa kiwango cha Carmen.

Mwaka 1986 Whoopi Goldberg aliwania kwa kumwigiza Celie katika The Color Purple, filamu iliyotokana na riwaya ya Alice Walker ya 1982. Filamu hiyo iliteuliwa mara 11 na haikushinda hata moja. Tuzo ya mwigizaji mkuu ilikwenda kwa Geraldine Page, aliyekuwa amewania mara saba bila ya kushinda. Hapa tunakiona tena kipimo cha deni. Ni haki kusema kwamba Page alikuwa msanii mahiri. Ila deni hulipwa kwa yule aliyepata nafasi ya kulilimbikiza: ili mtu awanie mara nane, ni lazima aandikiwe wahusika wanane wanaostahili kutazamwa.

Mlango ulionekana kufunguka mwaka 2002, Halle Berry alipoipata tuzo hiyo kwa kumwigiza Leticia katika Monster's Ball. Katika hotuba yake aliwataja waliomtangulia, Dandridge akiwa wa kwanza. Berry mwenyewe alikuwa amemwigiza Dandridge katika filamu ya televisheni ya 1999. Lakini hadi kufikia sherehe ya 2025, hakuna mwanamke Mweusi mwingine aliyekuwa ameipata tuzo ya mwigizaji mkuu.

Kisa cha Viola Davis kinaongeza jambo jingine. Kwa kumwigiza Rose katika tamthilia ya August Wilson, Fences, alipata tuzo ya Tony mwaka 2010 kama mwigizaji mkuu. Kwa mhusika huyohuyo katika filamu, mwaka 2017 alipata Oscar kama mwigizaji msaidizi. Tamthilia ni ileile na Rose ni yuleyule. Kilichobadilika ni kitengo. Ni wazi kuwa hata kuwa mhusika mkuu au msaidizi si sifa iliyo ndani ya matini pekee, bali pia ni uamuzi wa kampeni. Davis huyohuyo alisema hadharani mwaka 2015, alipopokea tuzo ya Emmy, kwamba huwezi kushinda kwa nafasi ambazo hazipo. Hoja ya makala haya imo yote katika kauli hiyo.

6. Patsey na Red

Kisa kinachotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni cha Lupita Nyong'o, mzaliwa wa Mexico aliyelelewa Kenya. Tarehe 2 Machi 2014 alipata tuzo ya Mwigizaji Bora Msaidizi kwa kumwigiza Patsey, mtumwa katika filamu ya 12 Years a Slave iliyotokana na simulizi ya Solomon Northup ya 1853. Nchini Kenya tulisherehekea, na tulikuwa na haki ya kusherehekea. Onyesho la sabuni linatosha kuwa ushahidi. Patsey amekwenda shamba la jirani kutafuta sabuni kwa kuwa bibi wa nyumba amemnyima. Anaporudi, anaishika mkononi na kujitetea mbele ya bwana mwenye mjeledi. Madai yake ni madogo kabisa, kuoga tu, na ukubwa wa uigizaji uko katika kutuonyesha kwamba kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu dai hilo ndilo utu wote uliobaki.

Hata hivyo, orodha ya wanawake Weusi waliopata tuzo hiyo ya msaidizi hadi siku ile inatutaka tutulie: mjakazi (1940), mpiga ramli (1991), mwimbaji aliyeachwa (2007), mama mkatili (2010), mjakazi tena (2012) na mtumwa (2014). Kila mmoja wao aliigizwa kwa ustadi mkubwa. Lakini orodha ikisomwa kama matini moja, inaeleza zaidi kuhusu mawazo ya watuzaji kuliko uwezo wa watuzwa. Uchunguzi wa gazeti la Los Angeles Times wa 2012 ulionyesha kwamba takribani asilimia 94 ya wapigaji kura wa Akademia walikuwa Wazungu, na asilimia 77 walikuwa wanaume.

Mwaka 2019 Nyong'o aliigiza wahusika wawili katika filamu moja, Us, ya Jordan Peele. Adelaide ni mama wa tabaka la kati anayeilinda familia yake. Red ni pacha wake wa kivuli, mwenye sauti ya kukwaruza, anayetoka chini ya ardhi kuja kudai maisha aliyonyang'anywa. Mwishoni tunagundua kwamba tuliyemdhania mdhulumiwa ndiye mdhulumu, na tunalazimika kuutafakari upya kila mtazamo wa macho yake tangu mwanzo. Duru ya wahakiki wa filamu wa New York ilimpa tuzo ya mwigizaji bora. Akademia haikumweka hata katika orodha ya wawaniaji.

Mtu anaweza kupinga kwamba sababu ni utanzu wala si rangi, kwani filamu za kutisha hupuuzwa na Akademia; Toni Collette, mwanamke Mzungu, naye aliachwa nje kwa Hereditary ya 2018. Pingamizi hili lina nguvu, ingawa Kathy Bates alishinda kwa Misery mwaka 1991. Lakini halitubomolei hoja, bali linaipanua. Linathibitisha kwamba kinachohukumiwa ni aina ya mhusika kabla ya ubora wa uigizaji. Mwigizaji yuleyule alikuwa anastahili alipopigwa mijeledi na hakustahili alipokuwa wahusika wawili wenye akili na hila. Je, kipawa chake kilipungua katika miaka hiyo mitano?

7. Mcheza kwao

Tusije tukaishia kuwanyoshea kidole Wamarekani. Mwaka 2019, katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, Samantha Mugatsia wa Kenya alitangazwa kuwa mwigizaji bora wa kike kwa kumwigiza Kena katika Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Filamu hiyo, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa imepigwa marufuku nchini mwaka 2018. Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu mwezi Septemba mwaka huo, na kumbi zilijaa. Kwa hiyo Mkenya alipotuzwa katika tamasha mashuhuri kabisa la filamu barani Afrika, wengi wa wananchi wenzake hawakuwa na njia halali ya kuutazama uigizaji uliotuzwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu maudhui ya filamu hiyo. Jambo lisilopingika ni kwamba hadhira ya nyumbani iliondolewa katika mjadala wa nani anastahili.

Tangu 2009 tunazo tuzo zetu za Kalasha, na majopo yetu yanakabiliwa na maswali yaleyale. Ni wahusika gani wa kike wanaoandikwa na waandishi wetu wa filamu? Ni wangapi kati yao wana nia yao wenyewe, na ni wangapi waliowekwa ili walilie misiba ya watu wengine kama Mammy?

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya mabishano juu ya mwigizaji wa kike anayestahili ni historia ya vipimo vinavyogombana: kazi moja, deni la nyuma, huruma, kitengo na utanzu. Chini ya vipimo hivi vyote kuna mhusika, ambaye huandikwa na mtu fulani, kwa ajili ya mwigizaji fulani, mbele ya hadhira fulani. Hatukatai kuwapo kwa kipawa. Tunachokataa ni kukipima kipawa bila kuuliza kilipewa nini cha kufanyia kazi. Mhakiki anayeingia katika mabishano haya hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kutaja jina: nani alimwandika mhusika huyu, ni nani hakuandikiwa, na anayetuza ni nani?

Methali tuliyoanza nayo haikusema kwamba mcheza vyema hutuzwa. Ilisema mcheza kwao. Kwa muda mrefu tumeisoma kama maneno ya kujivunia nyumbani. Pengine sasa tuisome kama maelezo baridi ya jinsi tuzo zinavyofanya kazi: hutuzwa yule ambaye uwanja ni wake. McDaniel alicheza katika uwanja wa wengine, na hata alipotuzwa, meza yake ilibaki pembeni.